Picha ya Elfu Saba

"Umemhukumu mume wangu kwa karatasi!" Mama Ritha alifoka. "Karatasi, Mama Davis! Ya elfu saba!"

"Karatasi haikuiba ng'ombe," nikamjibu. "Aliyeiba yumo ndani ya karatasi."

"Una uhakika?"

"Nina diploma ya mifugo. Yule maksai namjua kama ninavyomjua mwanangu."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi watatu: Mama Ritha, kuku wangu mwenye vifaranga, na mwanangu mwenyewe Davis, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko akinywa chai.

Ilikuwa Jumapili, saa moja asubuhi. Mama Ritha alikuwa amesimama mlangoni kwangu na ndoo tupu.

"Unaiona hii ndoo?" akaniuliza. "Jana niliipanga foleni kisimani. Wenzangu wameitoa. Hawakunitukana. Wangenitukana ningejibu. Wameisogeza pembeni kwa mguu, kama wanasogeza kinyesi cha kuku. Na mkutano wenyewe bado!"

"Mimi sikuwaambia waiguse ndoo yako."

"Uliwaambia Jilala ni mwizi. Ulitaka waifanye nini?"

Akaibwaga ndoo chini. Akaendelea.

"Mama mkwe wangu hajala siku ya tatu leo. Leo saa tisa wakitutenga, kesho akafariki, nani atachimba kaburi? Wewe na diploma yako?"

"Jilala ajitetee mkutanoni. Kama hakuiba aseme alikuwa wapi."

"Hasemi! Tangu jana anasema neno moja tu, sikuiba. Nikimbana aseme aliyeiba, anageukia ukutani." Akamgeukia Davis. "Wewe baba, mwambie mama yako. Wewe na Jilala mmelala hema moja machimboni Mwakitolyo. Jilala ni mwizi?"

Davis alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti, mahali unapokaa siku zote tangu alipoumia.

"Hayo ni mambo ya watu wazima, mama mdogo," akasema. Akasimama, akaingia ndani na kikombe chake.

Ana miaka ishirini na minne.

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki iliyopita, lenye mwanzo wa kisa hiki, lilimfikia likiwa limefungiwa maandazi, nimrudishe nyuma kidogo.

Mimi ni afisa mifugo wa kata, si mbali na Samuye. Ni mjane. Mwezi wa tano maksai wanne walitoweka zizini kwangu alfajiri. Wawili walikuwa wangu: Redio, niliyemwita hivyo kwa sababu hakuzimika tangu asubuhi hadi jioni, na mwenzake wa jembe. Wawili walikuwa wa Mzee Masalu, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu, aliyewaleta niwatibu ndigana.

Baada ya hapo watu waliacha kuniletea wanyama. Kisimani walisema afisa mifugo anauza wagonjwa wake. Mzee Masalu hakusema kitu. Alikuwa ananisalimia na kuniangalia tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jambo la pili. Mwaka juzi, Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, Davis na jirani yetu Jilala walikuwa wamebeba jiwe moja ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, mmoja huku, mwenzake huku. Ndani ya jiwe kulikuwa na baruti ambayo haikuwa imelipuka. Ikalipuka. Jilala alipoteza vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia. Davis alipoteza viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto. Mwanangu alimbeba Jilala mgongoni hadi juu, damu za wote wawili zikiwa zimechanganyika shati moja.

Katika kijiji chetu hakuna mkono mwingine wa vidole vitatu zaidi ya hiyo miwili.

Sasa picha.

Ijumaa nilikwenda mjini Shinyanga kuchukua chanjo ya kideri ya kuku. Narudi na boksi langu la barafu begani, nikakuta uwanja umejaa watu. Tamasha la muziki la siku tatu. Mchana ngoma za Kisukuma, kundi la Wagika upande huu na la Wagalu upande ule, kila manju, kiongozi wa ngoma, anamsema mwenzake. Jioni vijana na vipaza sauti vyao.

Sikuwa na mpango wa kukaa. Chanjo haisubiri manju amalize kutukana.

Lakini pembeni ya uwanja palikuwa na kamba ndefu, na juu ya kamba zimebanwa karatasi kwa vibanio vya nguo. Mpiga zeze. Mcheza chatu. Wanawake wanatwanga. Wino mweusi mtupu kwenye karatasi nyembamba, lakini ungedhani mpiga zeze anakusikia unavyopita.

Maisha yangu yote sijawahi kununua picha, ukiacha kalenda. Nilidhani picha ni vitu vya hoteli.

"Shikamoo mama," akasema mwenye kamba, mwanaume wa makamo, mikono myeusi kwa wino hadi kwenye viwiko. Jina lake Kalisti, mtu wa Geita.

"Marahaba. Hii ya mpiga zeze ni laki ngapi?"

Akacheka. "Elfu saba, mama. Zote elfu saba."

"Zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro. Nachonga mara moja, nachapa thelathini. Ndiyo maana mtu wa kawaida anaweza kununua. Ningechora moja moja kwa brashi, ningewauzia mawaziri tu."

Hesabu hiyo nikaielewa. Nikapita kwenye kamba nikichagua kama mtu anayechagua vitenge, na furaha nilikuwa nayo, sifichi. Nikaona na mahali pa kuitundika, juu ya redio ya marehemu.

Ndipo nikamwona Redio.

Maksai, kifua kipana, pembe moja imepinda kwenda chini hadi karibu na jicho. Nyuma yake malori. Mbele yake mtu anamvuta kwa kamba, kofia imeshushwa, uso hauonekani. Lakini mkono ulioshika kamba unaonekana wazi. Mkono wa kulia. Vidole vitatu.

Nusura niangushe boksi la chanjo.

"Huyu ng'ombe ulimwona wapi?"

"Isaka, mama, wanapopakia ng'ombe. Alinivutia ile pembe."

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipomchimbia mtu shimo.

Redio alikuwa amepinda pembe ya kushoto. Nilimtibu mwenyewe akiwa ndama, aliponasa kwenye ua wa miba. Kwenye picha, pembe iliyopinda ilikuwa ya kulia.

Niliiona tofauti hiyo. Nikaiona na nikacheka. Nikajisemea, wasanii hawajui ng'ombe. Nikamsahihishia pembe yake kichwani mwangu, bila kumwuliza. Mkono sikuusahihisha. Mkono niliuamini kama ulivyo.

Nikalipa elfu saba. Kwenye pembe ya karatasi palikuwa pameandikwa kwa penseli 4/30. Kabla bodaboda haijaondoka uwanjani nilikuwa nimeipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Nikaandika: "Huyu ni Redio, Isaka, akiuzwa. Tazameni mkono."

Sikuandika jina. Nilijiona nimetenda haki kwa kutoandika jina.

Jumamosi asubuhi sungusungu walimchukua Jilala, wakamhoji, wakamrudisha kwake asubiri mkutano wa Jumapili.

Hapo ndipo tulipofika siku ile Mama Ritha aliposimama mlangoni kwangu na ndoo yake.

"Nenda ukamwulize huyo mchoraji," akaniambia, na safari hii hakufoka. "Tamasha linaisha leo. Mwulize alimwona nani. Akisema ni Jilala, nitafunga mizigo yangu mwenyewe, hamtanisukuma."

"Nitakwenda," nikasema.

Nieleweke. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kutafuta ushahidi wa pili, ili yule mwanamke asije tena kunipigia kelele mbele ya kuku wangu.

Saa tano nilikuwa uwanjani. Ngoma zilikuwa hazijaanza, watu walikuwa wanamwaga maji kutuliza vumbi. Kalisti alikuwa amechuchumaa chini ya turubai lake anachapa.

Mbele yake kulikuwa na kipande cha mpira mweusi, mnene kama tairi la lori. Mkanda mbovu wa kusafirishia mawe mgodini, alikuwa anaukata na kuuchonga kwa kisu kidogo. Akapaka wino, akalaza karatasi juu yake, akaisugua kwa mgongo wa mwiko wa ugali, polepole, kama anayembembeleza mtoto tumbo.

"Umerudi, mama wa ng'ombe!" akasema. "Leo mpiga zeze?"

"Leo nataka kujua yule mtu aliyeshika kamba."

"Simjui jina. Nilikuwa nimekaa kwenye matairi nakula hindi la kuchoma, nikamchora haraka haraka." Akafuta mikono. "Subiri nikuonyeshe mpira wenyewe."

Akafungua gunia, akatoa kipande kingine cha mkanda, akakiweka magotini kwangu. Kilikuwa kizito. Redio alikuwa humo, amechongwa.

Pembe iliyopinda ilikuwa ya kushoto.

"Kumbe unajua!" nikafurahi. "Kumbe unajua ni ya kushoto! Sasa mbona kwenye karatasi ukakosea?"

"Sijakosea, mama. Mpira ukilalia karatasi, kila kitu kinageuka. Cha kushoto kinakwenda kulia."

"Pembe."

"Pembe, malori, kamba. Kila kitu. Isipokuwa jina langu. Jina nalichonga kinyume ili litoke sawa, kwa sababu watu wanalisoma. Ng'ombe hasomwi."

Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa natazama chini, kwenye mpira, kwenye mkono ulioshika kamba.

Ulikuwa mkono wa kushoto.

"Una daftari?" nikamwuliza.

"La penseli? Lipo."

Akapekua kurasa. Isaka. Malori. Redio wangu. Na yule mtu, mkono wa kushoto, vidole vitatu. Pembeni Kalisti alikuwa ameandika rangi, kama wachoraji wanavyofanya ili wasisahau, ingawa mwishoni hakuzitumia: *ng'ombe kahawia. Ovaroli bluu, mfuko umeshonwa uzi mwekundu.*

Ovaroli hiyo ni yangu. Ya kampeni ya chanjo ya mwaka jana. Mfuko ulichanika, sikuwa na uzi wa bluu, nikaushona kwa mwekundu. Nikampa Davis aende nayo mgodini.

"Mama, unaumwa?" akaniuliza Kalisti. "Kaa kwenye ndoo."

Nilikaa kwenye ndoo.

Mimi ni mtu wa kufanya. Ng'ombe akishindwa kuzaa, naingiza mkono. Mbwa akiwa na kichaa, naita watu wa bunduki. Pale kwenye ndoo nilitafuta cha kufanya, nikakosa. Nikaanza kufanya ya kipumbavu.

"Zimebaki ngapi za huyu ng'ombe?"

"Nane."

"Nipe zote. Na mpira."

"Nane ni elfu hamsini na sita. Mpira siuzi, mama. Nikimaliza thelathini naukata mwenyewe."

"Na zile ishirini na mbili?"

"Ziko kwa watu." Akainua mabega. "Nyingine zimekwenda Kahama, nyingine Mwanza. Nitazijuaje?"

Nikafunga pochi. Za nini, hata hivyo? Kijiji kizima kilikuwa nayo kwenye simu.

Halafu likanijia jambo baya kuliko yote. Kijiji kizima kilikuwa nayo kwenye simu ikiwa imegeuzwa. Hakuna aliyejua habari za mpira. Kalisti alijua, lakini hakujua mimi ni nani wala ng'ombe ni wa nani. Kesho angekuwa njiani kurudi Geita. Nikinyamaza, imekwisha. Mkono ni wa kulia. Jilala ni mwizi. Mwanangu anamaliza chai yake.

Nilikaa na wazo hilo kwenye ndoo, na sikulifukuza. Nililikalia.

Kisha nikampigia Mzee Masalu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Davis. Usichelewe. Saa tisa kamili, joshoni."

"Mzee, naomba mkutano uahirishwe."

"Kwa sababu gani?"

Sababu ilikuwa kinywani. Ikakataa kutoka.

"Naumwa," nikasema.

"Wewe si mshtakiwa. Unaweza kuumwa." Akakata.

Nikampigia mwanangu. Simu iliita mpaka karibu ikatike.

"Mama."

"Davis, ovaroli yangu ya bluu iko wapi?"

Nilisikia jogoo wangu akiwika nyuma yake. Alikuwa bado nyumbani.

"Uko wapi, Mama?"

"Kwa mchoraji."

Nilisikia mlango ukifungwa.

"Duara lilijaa maji," akasema. "Tulihitaji pampu. Wenzangu walikuwa wananitoa kwenye mgao. Nilitaka nikipata dhahabu nikununulie wengine wanne, Mama, wazuri kuliko wale."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

Kweli ningekataa.

"Tena Redio alikuwa wa kwetu," akaongeza. "Mtu haibi kwao."

"Na wa Mzee Masalu?"

"Walifuata wenzao."

"Walifuata wenzao mpaka Isaka, Davis? Wakapanda lori wenyewe?"

Sikumpa nafasi ya kubuni jingine.

"Na Jilala? Umekaa pale asubuhi, mke wake anakuuliza machoni, unakunywa chai?"

"Jilala aliniona," akasema, sauti chini. "Alfajiri ile. Aliniambia warudishe kabla mama yako hajaamka. Sikuwarudisha."

"Alikuona! Na hakusema?"

"Hakusema. Mimi ndiye niliyemtoa duarani, Mama. Anaona akinitaja atakuwa ameniua."

Manju wa kwanza alikuwa ameanza kujaribu sauti. Kelele zikapanda, nikaziba sikio la pili kwa kidole.

"Mama," mwanangu akasema, "hakuna anayejua. Wewe tu. Usije mkutanoni. Sema unaumwa."

Hata uongo wetu ulikuwa mmoja. Kweli nilimzaa mimi.

"Davis, uje joshoni," nikamwambia. "Usiponiona nikitokea, utajua la kufanya. Ukiniona, utajua pia."

Sikujua nilikuwa namaanisha nini. Nilisema tu ili nikate simu.

Nilirudi na bodaboda, ile picha yangu namba nne ndani ya faili la chanjo, faili kifuani. Dereva alitaka kuongea habari za mvua. Nilimwitikia ndiyo kwa kila kitu. Mahali fulani baada ya njia panda nilimwambia asimame, nikashuka, nikatembea hadi kwenye kichuguu, nikajifanya najisaidia. Nilitoa kiberiti. Ninacho siku zote, cha kuunguzia sindano.

Ningeichoma, halafu? Nikakirudisha kiberiti mfukoni, nikarudi kwenye pikipiki.

Joshoni watu walikuwa wamejaa kama siku ya kuogesha ng'ombe dawa. Wanaume wamekaa juu ya ukuta wa josho, marungu magotini, wanawake upande wa kivuli cha bati. Katikati, chini kwenye vumbi, Jilala bila shati.

Josho lile nimelisimamia miaka kumi na moja. Siku zote wanaoteswa pale ni kupe.

"Mwenye ng'ombe amefika," akasema Mzee Masalu. "Tulikuwa tumebakiza wewe."

Jilala akainua uso. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu anayeomba usiseme. Nilitaka ardhi inimeze. Yule mtu alikuwa ananilindia mwanangu mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyemvua shati.

Nikamtafuta Davis. Alikuwa amekuja. Amesimama nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, peke yake. Mkono mfukoni.

"Jilala," Mzee Masalu akaanza, "kwa mara ya mwisho. Uliiba?"

"Sikuiba."

"Unamjua aliyeiba?"

Jilala akatazama vumbi.

"Mnaona," mzee akawaambia watu. "Basi. Kuanzia jua la leo likizama, mtu huyu na nyumba yake wametengwa. Hakuna salamu. Hakuna moto, hakuna maji, hakuna mashine ya kusaga. Akifa mtu kwake atazika mwenyewe."

Mama Ritha hakulia. Aligeuza ndoo yake juu chini, akaikalia, mbele ya watu wote.

"Kuna mwenye neno?"

Mzee Masalu aliinua fimbo yake. Ikishagonga ardhi, hukumu hairudi nyuma. Wote tunajua.

"Mimi," nikasema.

"Mama Davis, wewe ndiye mlalamikaji. Umeshasema."

"Nilikosea."

Minong'ono. Mtu mmoja juu ya ukuta akaguna, "Diploma imekosea!" Wengine wakacheka. Nikawaacha wacheke, nilihitaji muda wa kufungua faili, kile kifungo chake cha plastiki kimekuwa kigumu siku zote.

"Redio alikuwa na pembe gani mbovu?" nikawauliza.

"Ya kushoto," wakajibu kadhaa. Kijiji cha wafugaji, nani asingejua.

"Kwenye picha iko wapi?"

Simu zikatoka mifukoni. Vichwa vikainama.

"Ya kulia," akasema Mzee Masalu taratibu, amesogeza simu ya mjukuu wake mbali na macho ili aone. "Kwa hiyo si Redio?"

"Ni Redio, mzee. Picha hii ilichongwa kwenye mpira, mpira ukalalia karatasi, ikatoka imegeuka. Nilimwona ng'ombe amegeuka, nikamsahihisha. Mtu sikumsahihisha."

Hawakuelewa. Niliona nyuso zao. Mzee mmoja alikuwa ananionea huruma, kama anayemwona mwanamke ambaye jua limempiga.

Bado ningeweza kuishia pale. Ningesema tu, si Jilala, nikakaa chini, wakabaki wanakuna vichwa.

Jua la saa tisa lilikuwa limeshaegemea upande wa josho, mkabala na tangi la maji. Nikapanda juu ya ngazi ya josho, wanapopandia ng'ombe wakitoka kwenye dawa. Nikaishika picha kwa mikono miwili juu ya kichwa. Nikaigeuza: uso wa karatasi ukaelekea jua, mgongo ukawaelekea watu.

Karatasi ilikuwa nyembamba. Jua likapita.

Redio akatokea upande wa pili, mweusi, kama alivyokuwa. Pembe ya kushoto imepinda. Kamba. Na mkono.

Nilisikia maji yakidondoka tangini.

"Mkono wa kushoto," akasema Mzee Masalu, kama anayejisomea. Kisha akanitazama mimi, siyo picha. Alikuwa ameelewa kabla ya wote, na nikaona anatamani asingeelewa. "Mama Davis. Shuka. Tutaongea nyumbani."

Ilikuwa huruma. Alinipa mlango wa kutokea, mzee yule, mbele ya watu mia mbili.

"Mayu, mama, shuka!" Jilala akapaza sauti kutoka kwenye vumbi. "Sasa nasema ni mimi! Andikeni ni mimi!"

Sikushuka. Mikono ilikuwa inaniuma kwa kuinua karatasi isiyo na uzito wowote. Juu ya vichwa vyao vyote nilimwona mwanangu karibu na tangi, na alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza ya shule, nilipomwachia mkono getini.

"Davis," nikasema, na sauti yangu ikafika mpaka kule nyuma. "Toa mkono mfukoni."